Kata Neno Vipande: Mwongozo wa Kujifunza Msamiati wa Tiba, Biolojia na Kemia

Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia "hawatatupikia" haendi kufungua kamusi. Neno hilo hajawahi kulikariri, na huenda hajawahi hata kulisikia likiwa na umbo hilo, lakini analielewa papo hapo: ha- ya kukanusha, -wa- ni wao, -ta- ni wakati ujao, -tu- ni sisi, -pik- ndiyo kazi yenyewe, -i- ya kumfanyia mtu, na -a ya kumalizia. Vipande saba, na kichwa hakikuuma.

Mtu huyo huyo akikutana na "cholecystectomy" kwenye kitabu cha tiba, anaanza kukariri herufi moja moja kama anayekariri namba ya simu. Wiki ikipita, imebaki "chole" na kitu fulani. Halafu anasema sayansi ni ngumu. Neno lile limejengwa kwa viambishi na mzizi kama "hawatatupikia". Tofauti ni kwamba vipande vyake ni vya Kigiriki na Kilatini, na hakuna aliyemfundisha kuvikata.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi, maabara, famasia au biolojia, na wa mtu yeyote anayesoma majibu ya vipimo vyake akaona hajui anachosoma. Unahitaji penseli, daftari na karatasi ngumu za kukatia kadi.

Hatua ya 1: Kata neno, kisha anza kulisoma mkiani

Chukua "cholecystectomy" na upige mistari kwa penseli: chole / cyst / ectomy. "Chole" ni nyongo. "Cyst" ni kifuko au kibofu. "Ectomy" ni kukata na kuondoa. Sasa lisome kutoka mwisho: kuondolewa kwa kifuko cha nyongo. Ndiyo maana yake, na hakuna kilichofichwa.

Kusoma kutoka mwisho kuna sababu yake. Sisi tunatanguliza jambo kuu kisha tunalifafanua: kuondolewa, kwa kitu gani, cha nini. Maneno haya yanafanya kinyume, yanaweka jambo kuu mwishoni. Ukianzia mbele utapata "nyongo kifuko kuondoa", sentensi ya mtoto anayejifunza kusema. Ukianzia mkiani, Kiswahili kinakaa chenyewe.

Mikia si mingi, na ukiimudu kumi na mitano hivi umeshavuka sehemu ngumu. "-itis" ni kuvimba kwa kiungo pamoja na wekundu, joto na maumivu. "-emia" ni hali katika damu. "-uria" ni katika mkojo. "-algia" ni maumivu. "-logia" ni taaluma. "-pathia" ni ugonjwa. "-scopia" ni kuchungulia kwa kifaa. Kisha kuna ndugu watatu wanaofanana sura: "-tomy" ni kupasua tu, "-ectomy" ni kupasua na kutoa, "-stomy" ni kutoboa na kuacha mlango wazi, kwa kuwa "stoma" kwa Kigiriki ni mdomo. Kwa hiyo "gastrotomy" ni kupasua tumbo la chakula, "gastrectomy" ni kuliondoa lote au sehemu yake, na "gastrostomy" ni kuliwekea tundu, kwa mfano la kupitishia mpira wa kumlishia mgonjwa asiyeweza kumeza. Herufi mbili tatu tu ndizo zinazotenganisha operesheni tatu tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Weka daftari la vipande, si la maneno

Hapa ndipo wengi tunapoteza muda. Tunaandika orodha ya maneno mia, na kila neno linasimama peke yake kama mgeni. Andika vipande. Ukurasa mmoja uwe wa mikia, mmoja wa mizizi ya viungo, mmoja wa viambishi vya mbele. Kila kipande kipya kiandikie maneno mawili au matatu uliyoyakuta kikiwa ndani yake.

Tulipokata "cholecystectomy" tulipata vipande vitatu. Chukua "cyst" na "-itis" utapata "cystitis". Hapo pana jambo la kuzoea: "cyst" ikiungwa na mkia bila "chole", kwa kawaida madaktari wanamaanisha kibofu cha mkojo. Ongeza "hepat" ya ini, "nephr" ya figo, "gastr" ya tumbo la chakula, "enter" ya utumbo, "arthr" ya maungio ya mifupa na "dermat" ya ngozi. Vibandike kwenye "-itis" kimoja kimoja, na tayari una magonjwa sita ambayo hukuyakariri. Vibandike kwenye "-logia" kimoja kimoja, na mara nyingi utajua ni mlango gani wa hospitali unapaswa kubisha.

Viambishi vya mbele navyo vina kazi. "A-" au "an-" ni kutokuwa na kitu, kama "ha-" yetu: "anemia" kwa herufi zake ni kutokuwa na damu, ingawa mgonjwa ana damu ila imepungukiwa. "Brady-" ni polepole na "tachy-" ni haraka. "Dys-" ni vibaya au kwa shida. "Hyper-" ni kuzidi, "hypo-" ni kupungua au kuwa chini. Hizi mbili za mwisho zinasikika karibu sawa mtu akizungumza kwa haraka, na hospitalini kukosea hapo ni hatari. Kwa bahati nzuri Kiswahili cha mtaani kilishalimaliza tatizo hilo: tunasema presha ya kupanda na presha ya kushuka, sukari ya kupanda na sukari ya kushuka. Kila ukiandika "hyper-" iandikie "kupanda" juu yake, na "hypo-" iandikie "kushuka" chini yake, mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 3: Zoea viungo vyenye majina mawili

Utajiuliza kwa nini figo ni "nephr" ukurasa huu na "ren" ukurasa unaofuata. Waliokupa kitabu hawakukosea. Majina ya sehemu za mwili yamebaki zaidi kwenye Kilatini, na majina ya magonjwa na operesheni yanapenda Kigiriki. Ateri ya figo ni "arteria renalis", lakini figo ikivimba ni "nephritis". Mapafu yana "pulmo" ya Kilatini na "pneumon" ya Kigiriki, ndiyo maana mshipa wake unaitwa "vena pulmonalis" na ugonjwa wake unaitwa nimonia. Moyo una "cor" na "kardia". Ngozi ina "cutis" na "derma". Damu ina "sanguis" na "haima". Yaandike mawili mawili kwenye mstari mmoja, usiyatenganishe.

Tahajia nayo inasumbua kidogo: Waingereza wanaandika "anaemia" na "oesophagus", Wamarekani wanaandika "anemia" na "esophagus". Usipoliona neno kwenye E ya kamusi, jaribu O.

Hatua ya 4: Ingia kwenye kemia kwa mlango wa alama

Watu hulalamika kwamba alama za elementi hazifuati mantiki. Kwa nini potasiamu ni K, sodiamu ni Na na chuma ni Fe? Kwa sababu alama zimebeba majina ya Kilatini: kalium, natrium, ferrum. Dhahabu ni Au ya aurum, fedha ni Ag ya argentum, shaba ni Cu ya cuprum, risasi ni Pb ya plumbum, bati ni Sn ya stannum. Zebaki ni Hg ya hydrargyrum, yaani fedha ya maji, na ukiitazama inavyoteleza huwezi kuwalaumu waliolitunga. Kalium lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea, lile lile lililotupa "alkali".

Majina haya hayaishi kwenye jedwali la elementi peke yake. Kata neno "hypokalemia": hypo / kal / emia. Damu, kalium, kushuka. Potasiamu ya damu imeshuka. Ukilijua hilo, "hyponatremia" halihitaji mwalimu. Mtu anayejifunza kemia daftari hili na tiba daftari lile, kana kwamba ni masomo yasiyojuana, anajifunza neno moja mara mbili.

Sasa mikia ya kemia, ambayo ni mikali kuliko ya tiba kwa sababu herufi moja inabadilisha dutu. Angalia chumvi tatu za sodiamu. Ya "sulfide" ni Na₂S, haina oksijeni. Ya "sulfite" ni Na₂SO₃. Ya "sulfate" ni Na₂SO₄. Kwa hiyo "-ide" mara nyingi inakuambia kuna elementi yenyewe tu, "-ite" kuna oksijeni, "-ate" kuna oksijeni zaidi. Usikariri kwamba "-ate" ni nne, maana "nitrate" ina tatu na "nitrite" ina mbili. Mkia unasema nani ana zaidi, hausemi ana ngapi. Familia ikiwa na watoto wanne, kama ya klorini, wanaongeza viambishi vya mbele: ClO⁻ ni "hypochlorite", ClO₂⁻ ni "chlorite", ClO₃⁻ ni "chlorate" na ClO₄⁻ ni "perchlorate". Umeiona "hypo-"? Ni ile ile ya kushuka. Hapa kilichoshuka ni oksijeni.

Kwenye kampaundi za kaboni, mwanzo wa neno unahesabu kaboni na mwisho unasema zimeshikana vipi. "Ethane" C₂H₆ ni mshikano mmoja, "ethene" C₂H₄ ni mshikano wa mara mbili, "ethyne" C₂H₂ ni wa mara tatu. Hesabu kuanzia tano ni za Kigiriki zinazoeleweka: pent, hex, hept, oct. Nne za kwanza, meth, eth, prop na but, zina historia zao na hazina njia ya mkato. "But" kwa mfano imetokana na siagi, kwa kuwa asidi yenye kaboni nne ilipatikana kwenye siagi iliyochacha. Harufu hiyo ukishainusa mara moja, nne hutaisahau.

Hatua ya 5: Usiliamini jina kupita kiasi

Majina yalitungwa na watu, na watu hukosea. Oksijeni maana yake ni "mzaa asidi". Lavoisier, Mfaransa aliyelitunga jina hilo katika karne ya 18, aliamini kila asidi ina oksijeni ndani yake. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba ile tunayoiita leo asidi ya hidrokloriki haina, lakini jina likabaki. Vitamini lilitungwa na Casimir Funk mwaka 1912 kwa kuunganisha "vita", uhai, na "amine", aina ya kemikali yenye nitrojeni, kisha ikaonekana kwamba nyingi kati yake si "amine" kabisa. Malaria ni "hewa mbaya" kwa Kiitalia, na ilipofika 1897 Ronald Ross akawakuta vimelea ndani ya mbu. Neno likikatwa linakuambia watu waliamini nini walipolitunga. Mara nyingi ni kweli, si mara zote.

Mfano wa hatari zaidi ni mkia "-oma". Vitabu vinasema ni uvimbe wa chembe zinazokua bila mpango, na "lipoma", uvimbe wa mafuta, linakubali. Lakini "hematoma" ni damu iliyovilia tu, "trachoma" ni maambukizi ya jicho, na "glaucoma" ni ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Ukimwambia mtu mwenye "hematoma" kwamba ana uvimbe wa aina ya kansa, umemnyima usingizi bure.

Hatua ya 6: Majina ya viumbe na ngeli zao

Utaratibu wa majina mawili kwa kila kiumbe tumeupata kwa Carl Linnaeus wa Uswidi: mimea mwaka 1753, wanyama mwaka 1758. La kwanza ni jenasi, linaanza kwa herufi kubwa. La pili ni spishi, herufi ndogo, hata likitokana na jina la mahali. Yote mawili huandikwa kwa herufi za mlazo, na kwa kalamu hupigiwa mstari chini.

Yakate nayo. *Staphylococcus aureus*: "staphyle" ni shada la zabibu, "kokkos" ni punje, "aureus" ni ya dhahabu. Weka bakteria hao chini ya hadubini, utaona punje zilizojikusanya kama zabibu kwenye shada. Waoteshe kwenye sahani ya maabara, mara nyingi watatoa makundi ya rangi ya manjano ya dhahabu. Na "aureus" ni ndugu wa Au uliyekutana naye kwenye kemia. *Plasmodium falciparum* ina "falx", mundu, kwa sababu chembe zake za uzazi zimejikunja kama mundu. Aliyelikata jina hili akiulizwa maabara aeleze umbo la kimelea, jibu analo.

Kuhusu wingi, hizi nazo zina ngeli. Bacterium, bacteria. Nucleus, nuclei. Vertebra, vertebrae. Diagnosis, diagnoses. Mitochondrion, mitochondria. Sisi tunaosema kiti, viti na ua, maua hatuna haki ya kulalamika.

Hatua ya 7: Andika Kiswahili chake, kisha kikague

Kila neno lipe Kiswahili chake, hata kama mtihani ni wa lugha nyingine. Wakati mwingine utakuta mtunzi wa Kiswahili amekata vile vile ulivyokata wewe: usanisinuru ni usanisi na nuru, sawasawa na "photo" na "synthesis". Klorofili ni kijani na jani, na sisi tunayo umbijani.

Lakini Kiswahili cha kila siku kina maneno mapana, na hapo uwe macho. Mshipa unaweza kuwa ateri, vena, neva, hata ngiri, kutegemea anayeongea. Uvimbe unaweza kuwa "-itis" au "-oma". Kiini ni cha seli, cha atomi, na cha yai. Homa ni joto la mwili, lakini homa ya ini si joto la ini, wala homa ya matumbo si joto la tumbo. Mgonjwa akisema "mshipa unavuta", usikimbilie kutafsiri. Muulize aguse panapouma. Kwenye daftari langu nina safu tatu: neno la kitabu, vipande vyake, na jinsi mgonjwa anavyolitamka. Safu ya tatu ndiyo inayokawia kujaa.

Hatua ya 8: Tofautisha maneno pacha

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kujaza ukurasa mzima nikieleza mfupa wa nyonga, mishikizo ya misuli na yote, swali likiwa linauliza utumbo. Lilikuwa limeandika "ileum" nami nikasoma "ilium". Sifuri safi. Tangu siku hiyo: ileum ina E kama utumbo mwEmbamba, ilium ina I kama kIuno.

Tengeneza vikumbusho vyako kwa Kiswahili, vya lugha nyingine havishiki. "Dysphagia" ni kumeza kwa shida, "dysphasia" ni kusema kwa shida: G ya gugumia, S ya sema. "Mitosis" na "meiosis", njia mbili za seli kugawanyika, hazihitaji hata kikumbusho, kwa kuwa "meiosis" maana yake ni kupunguza, na ndiyo inayopunguza kromosomu kuwa nusu. Pacha waandike kwenye kadi moja wakitazamana, usiwape kadi mbili.

Hatua ya 9: Kadi, sauti, na kurudia kwa kuachia nafasi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima anavyozisahau. Zilimtoka haraka mwanzoni, kisha kasi ikapungua. Ukikariri "cholecystectomy" bila kulikata, unajifunza silabi za Ebbinghaus.

Kadi yangu ina neno tupu upande mmoja. Nyuma kuna vipande, Kiswahili, wingi wake, na sentensi moja fupi. Tamka neno kwa sauti kabla ya kugeuza, na useme jibu kabla ya kuangalia. Kugeuza haraka ni kujidanganya. Kisha tumia visanduku, njia iliyoenezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya zinakaa kisanduku cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukipata, inahamia cha pili, kila baada ya siku tatu. Ukipata tena, cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mbali. Kadi kumi mpya kwa siku zinatosha. Niliwahi kujaribu hamsini, na siku ya nne kisanduku cha kwanza hakikufungika.

Hatua ya 10: Jaribu kwenye ukurasa usioujua, na uachane na kubahatisha kwenye dawa

Kila wiki fungua ukurasa mmoja ambao hujausoma. Yakate maneno yote magumu kwa penseli, andika unachodhani yanamaanisha, ndipo ufungue kamusi. Utakapokosea ndipo kadi mpya zinapotoka.

Majina ya dawa nayo yana mikia, iliyopangwa kimataifa chini ya Shirika la Afya Duniani. "-cillin" ni jamaa za penisilini, "-olol" hupunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo, "-pril" hushusha presha. Lakini weka dawa hizi nne mezani: metronidazole, mebendazole, fluconazole, omeprazole. Zote zinaishia na "-azole". Ya kwanza inaua baadhi ya bakteria na vimelea kama amiba, ya pili minyoo, ya tatu fangasi, na ya nne inapunguza asidi ya tumbo. Mkia wa kweli uko hatua moja nyuma: -nidazole, -bendazole, -conazole, -prazole. Kwenye kadi za dawa andika mkia mrefu, upigie mstari, na jina lote liandike kwa herufi za kuchapa, si za mwandiko.